Istilahi na Utendaji: Ubunifu wa Redio ya Chipu Moja kwa Mawasiliano ya Umbali Mfupi

1.0 Utangulizi

Msikilizaji wa Kiswahili aliyekulia karibu na redio anajua masafa mafupi ni nini. Ni zile bendi za mita 49, 31 na 25 ambamo, kwa miongo mingi, idhaa za Kiswahili za London na Cologne zilisikika Afrika Mashariki, zikififia na kurudi kama sauti ya mtu asemaye katika upepo. Ufupi unaotajwa hapo ni wa wimbi, si wa safari yake. Mawimbi yenye urefu wa mita 10 hadi 100 hurudishwa ardhini na tabaka la anga lenye chembe za umeme, na ndiyo maana huvuka bahari na mabara. Kwa hiyo masafa mafupi ya redio, tukiyapima kwa mwendo, ni marefu sana.

Sasa mwanafunzi huyohuyo asome kwamba simu ya mkononi huwasiliana na eafoni kwa "redio ya masafa mafupi". Ataelewa nini? Orodha moja ya istilahi ambayo mwandishi wa makala haya aliombwa aipitie ilitumia masafa mafupi mara mbili katika kurasa zisizozidi tano: kwanza kwa mawimbi yavukayo mabara, kisha kwa mawasiliano yasiyovuka ukuta wa chumba cha pili. Waliotayarisha orodha hiyo hawakuwa wazembe. Walitazama neno la Kiingereza, wakatafuta neno la Kiswahili lililolikaribia, wakaendelea na neno lililofuata.

Hoja ya makala haya ni kwamba utaratibu huo hautoshi katika fani ya elektroniki. Istilahi ya kifaa haiwezi kuundwa vema kabla ya muundaji kuelewa kifaa kinafanya kazi gani, na zaidi ya hapo, wabunifu wake walitatizwa na nini. Mfano utakaotumika ni kifaa kimoja tu: redio ya kutuma na kupokea iliyojengwa juu ya chipu moja ya silikoni, ya aina iliyoenezwa na mfumo wa Bluetooth. Sehemu kubwa ya makala itahusu ubunifu wa redio hiyo. Masuala ya istilahi yatajadiliwa pale ambapo ubunifu wenyewe utayaibua.

Yafaa kwanza kuweka wazi matumizi ya maneno matatu. Neno masafa, lenye asili ya Kiarabu na maana ya umbali, limebeba mzigo mzito mno katika utangazaji. Yaelekea lilianza kwa kutaja umbali kati ya kilele kimoja cha wimbi na kingine, kisha likahamia kwenye idadi ya mitetemo kwa sekunde. Matokeo yake ni kwamba leo mtu anaweza kusema, bila kukosea kwa mujibu wa mazoea, kwamba masafa mafupi ni masafa ya juu. Katika makala haya idadi ya mitetemo kwa sekunde itaitwa marudio, na itapimwa kwa Hezi. Urefu wa wimbi utaitwa urefu wa wimbi. Na mwendo kati ya redio mbili utaitwa umbali. Masafa tutayapumzisha.

2.0 Kifaa chenyewe

Kifaa kinachotuma na kupokea mawimbi kwa zamu tutakiita kitumapokezi, yaani kitumaji na kipokezi vilivyounganishwa. Wapo wanaopendelea kirushi badala ya kitumaji, kwa kuwa matangazo "hurushwa". Pingamizi letu ni la kifonolojia: wingi wake, virushi, unagongana na virusi katika masikio ya watu wengi, na katika zama ambazo kompyuta nazo huambukizwa mgongano huo si mdogo.

Kwa umbo la jumla kitumapokezi si kitu kigeni kwetu. Simu ya upepo ya askari ni kitumapokezi. Kilichokuwa kigeni miaka ya 1990 ni wazo la kukitia chote, pamoja na hesabu zake za kidijitali, katika kipande cha silikoni chenye upana wa milimita chache, kwa bei ndogo kiasi cha kukifanya kiungo cha kawaida cha simu, kama kitufe. Kazi hiyo ilianza mwaka 1994 katika kampuni ya Ericsson mjini Lund, Uswidi, ambako Jaap Haartsen, mhandisi kutoka Uholanzi, na Sven Mattisson walitafuta namna ya kuondoa waya kati ya simu na vifaa vyake. Mwaka 1998 Ericsson, IBM, Intel, Nokia na Toshiba ziliunda umoja wa kusimamia mfumo huo, na kanuni za kwanza zikatolewa mwaka 1999. Lengo lililotajwa mara kwa mara lilikuwa redio ya dola 5. Jina lilipendekezwa mwaka 1997 na Jim Kardach wa Intel, kwa kumbukumbu ya Harald Blåtand, mfalme wa Denmark wa karne ya 10. Kwa kuwa ni jina la mtu, halina haja ya kutafsiriwa, na "jino la buluu" linalojitokeza hapa na pale liachwe kwa watani.

Mfumo huu hutumia bendi ya megahezi 2,400 hadi 2,483.5, ambayo katika nchi nyingi haihitaji leseni. Sababu ya uhuru huo si ya kifahari: bendi hii ilitengewa matumizi ya viwanda, sayansi na tiba, na majiko ya maikrowevu hufanya kazi humohumo, karibu na megahezi 2,450. Bluetooth ya awali iliigawa katika chaneli 79, kila moja na upana wa megahezi 1.

Wimbi la megahezi 2,450 lina urefu wa sentimita 12 hivi. Likitumwa kwa nguvu ya miliwati 1 na kupokewa umbali wa mita 10 mahali pa wazi, kinachofika ni takriban sehemu moja ya milioni ya kilichotumwa. Kanuni zinadai zaidi: kipokezi lazima kiweze kusoma ishara ya sehemu moja ya milioni kumi ya miliwati. Ziada hiyo ni akiba kwa ajili ya kuta, meza na miili ya watu, kwani maji yaliyomo mwilini hunyonya mawimbi haya vizuri. Msomaji ashike uwiano huo wa moja kwa milioni kumi. Kitu kinachopiga kelele kiasi hicho na kitu kinachosikiliza kiasi hicho vinatakiwa kukaa juu ya jiwe moja.

3.0 Urithi wa Armstrong

Karibu kila redio ya karne ya 20 ilitumia mpango uliobuniwa mwaka 1918 mjini Paris na Edwin Armstrong, aliyekuwa afisa katika jeshi la Marekani. Ishara inayotoka kwenye antena ina marudio ya juu mno, na chaneli jirani zimebanana; kuichuja moja kwa moja ni vigumu. Armstrong aliamua kwanza kuishusha hadi kwenye marudio ya chini yasiyobadilika, ambako chujio moja lililotengenezwa vizuri linatosha kwa stesheni zote.

Ishara inashushwaje? Redio huzalisha wimbi lake yenyewe, wimbi la ndani, na kulikutanisha na ishara iliyotoka nje. Mahali pa kukutania Waingereza hupaita kwa neno lenye maana ya kuchanganya, nasi tungeweza kusema kichanganyi na kumaliza. Hapa ndipo utendaji unapokataa tafsiri. Kuchanganya, kwa maana ya jikoni, ni kujumlisha: ukitia sukari katika chai unapata chai na sukari. Mawimbi mawili yakijumlishwa tu, hutoka yaleyale mawili, wala hakuna jipya linalozaliwa. Kinachofanyika ndani ya redio ni kuzidisha. Wimbi moja likizidishwa kwa jingine, hupatikana mawimbi mawili mapya, moja lenye marudio ya jumla ya yale ya awali, na jingine la tofauti yake. Ni hilo la tofauti linalotakiwa. Kwa sababu hiyo istilahi kizidishi ni bora kuliko kichanganyi. Nayo ina faida ya kuwa inasema kweli kuliko neno la lugha iliyoanza.

Tuchukue redio ya FM. Stesheni iko megahezi 100; wimbi la ndani limewekwa megahezi 110.7, tofauti ni megahezi 10.7. Marudio haya ya kupitia aghalabu huitwa "ya kati", jambo linaloyachanganya na masafa ya kati ya utangazaji. Tuyaite marudio ya mpito. Lakini tofauti haina upande. Ishara iliyoko megahezi 121.4, katika bendi ya mawasiliano ya ndege, nayo iko umbali wa 10.7 kutoka wimbi la ndani, na kizidishi kitaishusha mahali palepale. Baada ya hapo hakuna chujio linaloweza kuzitenganisha.

Ishara hiyo ya pili kwa Kiingereza huitwa kwa jina la sura ionekanayo kiooni. Baadhi ya orodha zetu zimeifuata kwa kusema taswira. Taswira, hata hivyo, ni ya kitu kingine; haina uhai wake. Ishara tunayoizungumzia ni ya kweli, ina mwenyewe, na iko upande wa pili kwa umbali uleule kabisa. Ni pacha. Mtu akiita mlangoni, wote wawili huitika. Istilahi pacha, itakayofuata upatanisho wa viumbe, inampa mwanafunzi nusu ya maelezo kabla mwalimu hajafungua kinywa.

Dawa ya Armstrong kwa pacha ni kumzuia kabla ya kufika kwenye kizidishi, kwa chujio la mbele. Uchaguzi wa 10.7 unasaidia: bendi ya FM ina upana wa megahezi 20, na mara mbili ya 10.7 ni 21.4, hivyo pacha wa stesheni yoyote huangukia nje ya bendi. Fundi redio yeyote aliyefungua redio ya FM ameona chujio la megahezi 10.7, kijidude cha kauri chenye miguu mitatu. Kinafanya kazi yake vizuri na kwa bei ndogo. Kosa lake kwa mbunifu wa chipu ni moja: hakiingii ndani ya silikoni.

4.0 Nyumba yenye kuta nyembamba

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 wahandisi wengi wa redio waliamini kwamba marudio ya juu ni kazi ya transista za galiamu-aseniki au za silikoni za aina ya baipola. Teknolojia ya CMOS, iliyotengeneza vichakato na kumbukumbu za kompyuta, ilihesabiwa kuwa ya tarakimu tu. Lakini CMOS ndiyo iliyokuwa rahisi, na ndiyo pekee iliyoweza kubeba redio na hesabu zake pamoja. Mmoja wa waliosisitiza kwamba inafaa kwa redio ni Asad Abidi wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ambaye katika miaka hiyo aliongoza wanafunzi wake kujenga sehemu za redio, moja baada ya nyingine, kwa CMOS ya kawaida.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa koili. Redio haiwezi kufanya mengi bila koili, kwa kuwa koili na kapasita zikiunganishwa hupendelea marudio fulani na kuyaacha mengine. Koili ya kawaida ni waya uliozungushwa. Juu ya chipu hakuna pa kuzungushia. Kinachowezekana ni kuchora ukanda wa metali kwa mtindo wa mkeka wa mviringo, duara ndani ya duara. Mwaka 1990 Nguyen na Meyer wa Berkeley walionyesha kwamba mchoro huo unafanya kazi katika silikoni. Unafanya kazi, lakini vibaya. Ukanda ni mwembamba na una ukinzani. Tena silikoni iliyo chini yake hupitisha umeme kidogo, na sehemu ya nishati ya koili hupotelea humo kama maji katika mchanga. Uwiano wa nishati inayohifadhiwa kwa inayopotea, ambao ndio kipimo cha ubora wa koili, kwa kawaida haukufika 10 katika koili hizo, ambapo koili za nje hupita hapo bila shida. Mwaka 1993 Chang, Abidi na Gaitan waliondoa silikoni iliyo chini ya koili kwa kuila kwa kemikali, koili ikabaki inaning'inia hewani. Ufumbuzi huo ulikuwa wa kupendeza, ingawa viwanda kwa jumla vilifuata njia ya kuongeza unene wa metali na kuinua koili juu zaidi ya silikoni.

Kikwazo cha pili ni ujirani. Chipu inafanana na nyumba ya kupanga yenye vyumba vingi na kuta nyembamba. Katika chumba kimoja anaishi kikuza ishara cha mwanzo, anayejaribu kusikia mnong'ono. Ng'ambo ya ukuta wako mamia ya maelfu ya transista za tarakimu, zinazofunguka na kufunga mamilioni ya mara kwa sekunde, na kila moja ikifunga hutikisa msingi. Wabunifu hujenga mizingo ya kinga, hutenga njia za umeme za kila upande, na hutumia saketi zenye nyaya mbili zenye ishara zinazopingana, ili mtikisiko unaozifikia zote mbili kwa usawa ufutike pale tofauti inapochukuliwa.

Mpangaji msumbufu kuliko wote ni kikuza cha kutumia. Chipu inapotuma, kikuza hicho hutoa wimbi la marudio yaleyale yanayozalishwa na kizalishi cha wimbi la ndani. Wimbi kubwa huvuta dogo, kama mwimbaji mwenye sauti nzito anavyomvuta mwenzake atoke kwenye ufunguo. Kizalishi huyumba, na ujumbe huharibika. Ufumbuzi uliozoeleka ni kukifanya kizalishi kifanye kazi kwa marudio mara mbili, yaani karibu megahezi 4,900, kisha kugawa kwa mbili. Mvutaji na mvutwaji hawako tena kwenye noti moja. Na kugawa kwa mbili huleta zawadi ambayo haikuombwa: kigawanyi hutoa mawimbi mawili yaliyopishana kwa robo ya mzunguko kamili. Tutaona mara moja kazi ya zawadi hiyo.

Kabla ya hapo lisemwe jambo moja kwa upande wa utetezi wa silikoni. Vipinga na kapasita za chipu hutofautiana sana kati ya toleo moja la kiwandani na jingine. Kipinga kilichokusudiwa kuwa cha omu 1,000 chaweza kutoka na 800 au 1,200. Lakini vipinga viwili vilivyochorwa bega kwa bega katika chipu ileile hufanana kwa zaidi ya asilimia 99. Silikoni haijui thamani, inajua kufanana. Ubunifu wote wa redio ya chipu moja umejengwa juu ya tabia hiyo.

5.0 Kumfuta pacha

Ikiwa chujio la mbele haliwezi kuingia ndani, pacha lazima ashughulikiwe kwa njia nyingine. Njia ya kwanza ni kuhakikisha hana mahali pa kukaa. Wimbi la ndani likiwekwa kwenye marudio yaleyale ya ishara inayotakiwa, tofauti ni sifuri, na pacha wa ishara ni ishara yenyewe. Wazo si jipya, D. G. Tucker wa Uingereza alieleza kipokezi cha namna hiyo mwaka 1947. Katika miaka ya 1980 lilitumika kwa mafanikio katika vifaa vya kuitia watu, vile vidogo vya kuvaa mkandani.

Ugumu wake ni kwamba ujumbe wote sasa unakaa pembezoni mwa sifuri, na sifuri ni mtaa mbaya. Sehemu ya wimbi la ndani huvuja hadi kwenye mlango wa antena, hurudi pamoja na ishara, na kuzidishwa kwa nafsi yake. Wimbi likizidishwa kwa nafsi yake hutoa volti tulivu isiyobadilika, ambayo vikuza vinavyofuata huikuza pamoja na ujumbe mpaka vinajaa. Ni sawa na mtu anayesikia mwangwi wake akadhani ameitikiwa. Isitoshe, transista za CMOS zina mkwaruzo wa asili unaozidi kadiri marudio yanavyoshuka, nao huenea hadi kilohezi mamia kadhaa. Chaneli ya Bluetooth ikishushwa hadi sifuri inachukua kilohezi 500 tu kila upande. Mkwaruzo unaweza kuumeza ujumbe pakubwa.

Njia ya pili ni ya katikati, na ndiyo iliyopendwa na wabunifu wengi wa chipu za awali za Bluetooth. Marudio ya mpito huwekwa chini sana, tuseme megahezi 2: juu ya mtaa mbaya wa sifuri, lakini chini kiasi cha kuweza kuchujwa kwa transista na kapasita za ndani. Crols na Steyaert wa Leuven, Ubelgiji, waliitetea njia hii katika miaka ya 1990. Bei yake ni kwamba pacha sasa yuko megahezi 4 tu kutoka kwenye ishara, ndani ya bendi ileile, na huenda ni mazungumzo ya simu ya jirani. Hakuna chujio la mbele, liwe la ndani au la nje, linaloweza kuwatenganisha walio karibu hivyo.

Basi hufutwa kwa hesabu. Ishara hugawanywa njia mbili, kila njia na kizidishi chake, na vizidishi hupewa yale mawimbi mawili yaliyopishana kwa robo ya mzunguko. Mafundi umeme wetu wamekwisha tuachia neno la upishano huu: fezi, kama katika umeme wa fezi tatu, nasi hatuna sababu ya kubuni jingine. Ishara inayotakiwa na pacha wake hutoka katika njia hizo mbili zikiwa na fezi zinazokwenda kinyume, moja ikitangulia pale nyingine inapochelewa. Njia moja ikicheleweshwa robo ya mzunguko, kisha zote mbili zikajumlishwa, ishara hujiongeza maradufu na pacha hujifuta. Msingi wa mbinu hii uliwekwa na Ralph Hartley katika hataza ya mwaka 1928, na Donald Weaver alitoa namna yake nyingine mwaka 1956. Zote zilihusu utumaji wa sauti kwa redio, miaka mingi kabla ya chipu.

Ufutaji unakuwa kamili endapo njia mbili zinafanana kabisa. Kosa la digrii 1 katika fezi na asilimia 1 katika ukubwa huacha takriban sehemu moja ya elfu kumi ya nguvu ya pacha. Kwa redio iliyojengwa kwa viungo vya rejareja, kupata mfanano huo na kuudumisha ilikuwa kazi ya kurekebisha kila redio kwa mkono. Kwa silikoni, inayojua kufanana, unakuja karibu bila gharama. Mbinu ya 1928 ilikuwa ikisubiri nyenzo yake.

6.0 Kanuni zilizoandikwa kwa jicho la silikoni

Wahandisi aghalabu hupewa kanuni kisha hutakiwa kubuni kifaa kinachozitii. Katika Bluetooth waliobuni redio walikuwapo pia mezani pa kanuni, na alama za vidole vyao zinaonekana. Kanuni zinadai kwamba kipokezi kivumilie ishara ya chaneli iliyo umbali wa megahezi 3 au zaidi hata ikiwa na nguvu mara 10,000 ya ishara inayotakiwa. Kwa pacha, hata hivyo, kipokezi kinatakiwa kuvumilia mara 8 tu hivi. Huo ni msamaha wa waziwazi kwa ajili ya njia ya marudio ya mpito ya chini. Msamaha huo hauna madhara makubwa, kwa kuwa mfumo huruka kutoka chaneli moja hadi nyingine mara 1,600 kwa sekunde. Pacha aliyesumbua katika ruko moja hana uhakika wa kukutwa katika ruko linalofuata.

Uchaguzi wa namna ya kubeba ujumbe nao ulikuwa wa kuihurumia chipu. Moja husemwa kwa kupandisha marudio kwa takriban kilohezi 160, na sifuri kwa kuyashusha kiasi hichohicho. Ukubwa wa wimbi haubadiliki. Mwanaisimu atauona mfanano na lugha za toni, kama Kihaya, ambazo hutofautisha maana kwa kidato cha sauti. Msemaji anaweza kusema kwa sauti ndogo au kupaza, na toni ikabaki. Vivyo hivyo kikuza cha kutumia kinaweza kuukata ukubwa wa wimbi bila kuupotosha ujumbe, na kikuza kinachoruhusiwa kukata hula betri kidogo sana.

Tena kutuma na kupokea hakufanyiki kwa wakati mmoja. Muda umekatwa vipande vya mikrosekunde 625, na pande mbili hupokezana. Chipu haihitaji kujisikia ikipiga kelele, na lile chujio kubwa linalotenganisha kutuma na kupokea katika mifumo mingine halihitajiki. Kila mtumiaji wa simu ya upepo anaifahamu nidhamu hii. Ndiyo maana zamu ni istilahi bora hapa kuliko nafasi au kipindi.

Anayepanga zamu katika kanuni za awali aliitwa bwana, na anayezifuata mtumwa. Maneno hayo yalikuwa ya kawaida katika uhandisi. Mwambao wa Afrika Mashariki hauhitaji kufafanuliwa kwa nini tafsiri yake ya moja kwa moja haifai katika kitabu cha kiada, na sisi tungependekeza kiongozi na mfuasi. Wasimamizi wa Bluetooth wenyewe waliyaondoa katika toleo la 5.3 la mwaka 2021, wakaweka maneno yenye maana ya cha kati na cha pembeni. Kwa maoni yetu kiongozi na mfuasi yangali yanaeleza kazi vizuri zaidi, kwani kati na pembeni ni mahali, na suala hapa ni nani anaamua zamu.

7.0 Kilichobaki nje

Toleo la 4.0 la mwaka 2010 liliongeza namna mpya ya Bluetooth iliyokusudiwa kula umeme kidogo zaidi, yenye chaneli 40 za megahezi 2 kila moja, na redio za namna hiyo leo zimo katika eafoni, saa na vipimo vya hospitali. Karibu kila kilichotajwa katika sehemu zilizotangulia kimehamia ndani ya silikoni. Vitu viwili vimekataa.

Cha kwanza ni antena. Antena ifaayo huhitaji takriban robo ya urefu wa wimbi, yaani sentimita 3. Chipu ni ya milimita chache. Ndiyo maana antena huchorwa kwenye ubao wa saketi, ule ukanda wa shaba uliopindapinda pembeni ambao fundi anayefungua kifaa hicho huuona mara moja.

Cha pili ni fuwele ya kwatsi, inayotetemeka kimakanika na kumpa kizalishi cha ndani kipimo cha kujirekebishia. Kanuni zinaruhusu marudio ya kutumia kukosea kwa kilohezi 75 mwanzoni mwa ujumbe. Fuwele ya kawaida hukosea kwa sehemu 20 katika milioni, ambazo kwa megahezi 2,450 ni kilohezi 49. Imo ndani ya ruhusa. Saa iliyojengwa kwa vipinga na kapasita za chipu, ikikosea asilimia 1 tu, itakuwa imekosea kwa megahezi 24.5, na redio itajikuta ikizungumza chaneli 24 mbali na mwenzake. Silikoni ingeweza kutengeneza saa mbili zinazofanana karibu kabisa, zote zikiwa zimekosea sawasawa. Lakini mwenzake yuko katika chipu nyingine, iliyotoka kiwanda kingine, na hapo kufanana hakusaidii kitu. Kwa hiyo kidahizo redio ya chipu moja, popote kitakapoingizwa, kiandamane na maelezo kwamba moja hapo huhesabu silikoni peke yake, na kwamba pembeni yake kuna fuwele na antena.